Mhariri, Msomaji na Amana ya Jina

Mwaka 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilipoanza kutoa gazeti la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo mjini Dar es Salaam, haikuwa na jeshi la waandishi wa kupeleka mikoani, wala haikuwa na fedha za kuwaajiri. Lakini haukupita muda mrefu gazeti hilo likajaa habari za miji ya bara na ya pwani, kwa sababu walimu wa shule, makarani wa boma, wauguzi wa hospitali na wafanyakazi wa relini, watu waliojua kusoma na kuandika na wakaionea fahari elimu yao, walitwaa kalamu bila ya kuahidiwa ujira, wakaeleza mvua ilivyonyesha kwao, daraja lililochukuliwa na maji, simba aliyehangaisha vijiji, mtu mashuhuri aliyefariki na sikukuu ilivyofana. Fauka ya habari hizo walipeleka mashairi, tena mashairi mengi, ya kumsifu fulani, ya kumjibu fulani, ya kufumba fumbo na ya kulifumbua. Na katika kurasa hizo ndimo umma wa Tanganyika ulimoanza kulisoma jina la Shaaban Robert, ambaye siku hizo alikuwa karani wa forodha. Gazeti lilikuwa mali ya Serikali ya kikoloni, na Serikali haikuficha ilichotaka watu wakifikiri. Walakini anayelifunua leo huona kwamba sehemu kubwa ya uhai wake ilitoka katika mikono ya wasomaji wenyewe.

Nalitanguliza jambo hili kwa kuwa katika miaka hii ya karibuni, kila panapozungumzwa mintarafu ya waandishi wa habari na mitandao ya kijamii, husemwa kwamba zamani mwandishi alisema na msomaji akasikiliza, na kwamba simu ya kiganjani ndiyo iliyompa msomaji ulimi. Tarihi ya magazeti ya Kiswahili haikubaliani na usemi huo, na yeyote apendaye kujua waandishi wetu walivyoyapokea mageuzi ya leo sharti kwanza ajue kazi yao ilivyokuwa tangu asili.

Msimulizi, lililotolewa mwaka 1888 na wanafunzi wa chuo cha misheni ya Waingereza huko Kiungani, Unguja, liliishi kwa barua za vijana waliotoka chuoni hapo wakaenda kufundisha Magila, Masasi na Newala, kila mmoja akiwaarifu wenzake mambo ya kituo chake. Kiongozi, gazeti la shule ya Serikali ya Wajerumani huko Tanga, lililoanza mwaka 1904 na kuzimwa na vita mwaka 1916, lilifuata desturi hiyo hiyo: mhariri alikaa Tanga penye mashine ya chapa, na walimu na maakida waliotawanyika toka Kilwa hata maziwa makuu wakamletea habari za huko waliko. Kwa hiyo gazeti la Kiswahili lilizaliwa likiwa na mhariri mmoja na waandishi mia wasioajiriwa. Na huyo mhariri, kabla ya kuwa mtunzi wa habari, alikuwa mpokeaji wa nyaraka, mtu wa kuzifungua bahasha, kuzipima, kuzisafisha lugha, na kuamua ipi itoke na ipi isitoke.

Kule Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hata alipofariki mwaka 1947, alianza mwaka 1930 kutoa kijarida cha kurasa chache alichokiita Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1932 akakifuatisha na gazeti la Al-Islah. Nakala hazikuwa nyingi, lakini si haki kuwahesabu wasomaji wa zama zile kwa idadi ya nakala, maana karatasi moja ikifika kwenye baraza baada ya sala ya alasiri ilisomwa kwa sauti na mwenye macho mazuri, wenzake wakasikiliza, wakaafiki, wakapinga, wakamtaka arudie mstari, na jioni maneno ya Sheikh yakawa yamekwisha fika majikoni na jahazini pamoja na nyongeza za watu. Alichokiandika juu ya israfu za harusi na juu ya elimu ya watoto hakikukaa katika karatasi, kiligombewa. Sheikh alijua kinagombewa, na makala zake, zilizokusanywa mwaka 1944 katika kitabu cha Uwongozi, zinasomeka kama maneno ya mtu anayewajibu watu waliomzunguka.

Sasa nifikie jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa habari yote hii, nalo ni jina la mwandishi wa barua. Magazeti ya Kiswahili, kama magazeti mengine, yalikuwa na kanuni iliyochapwa pembeni mwa safu ya barua: mwandishi aandike jina lake kamili na anwani yake, hata kama hataki vichapishwe. Malenga walijiita kwa lakabu, na walalamikaji walitia sahihi kama Msafiri, Mwananchi, Mpenda Haki. Wasomaji hawakumjua Mpenda Haki ni nani, ila mhariri alimjua, kwa kuwa bahasha ilikuwa mezani pake yenye sanduku la posta na muhuri wa mji. Kwa elimu hiyo mhariri alibeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: alidhamini mbele ya umma kwamba aliyesema ni mtu kweli na ana sababu ya kusema, na alidhamini mbele ya mwandishi kwamba jina lake halitamfikia bwana shauri, wala mwajiri, wala jirani anayeshtakiwa katika barua. Karani wa boma aliyeandika kwamba mizani ya pamba inawapunja wakulima aliweka riziki yake katika mtoto wa meza ya mhariri. Hiyo ilikuwa amana, na pasipo amana hiyo Erica Fiah, muuza duka kutoka Uganda aliyeanzisha Kwetu mjini Dar es Salaam mwaka 1937, gazeti la kwanza la Tanganyika lililomilikiwa na Mwafrika, asingalipata kitu cha kuchapa.

Tena mhariri alijua kwamba jambo likiharibika, mahakamani ataitwa yeye. Sauti ya TANU haikuwa gazeti la mitambo mikubwa. Zilikuwa karatasi zilizopigwa taipu na kudurufiwa kwa mashine ya mkono, zikapita katika matawi ya chama. Hata hivyo mwaka 1958 Julius Nyerere, aliyekuwa mhariri wake, alishtakiwa kwa maneno yaliyotoka humo juu ya maofisa wawili wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Mwaka huo huo wahariri wa gazeti la Mwafrika walifungwa. Yafaa kuyakumbuka haya, kwa sababu kila ilipopatikana njia mpya na rahisi ya kunakili maneno katika nchi zetu, sheria haikuchelewa kuifuata, na aliyekamatwa mara zote alikuwa yule aliyeishika njia hiyo mkononi.

Redio ilipokuja haikuivunja desturi; iliipa sauti. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na katika miongo iliyofuata kadi za salamu zikawa biashara na mapenzi ya maelfu ya watu: mtu alinunua kadi, akajaza jina lake na sanduku lake la posta, akaorodhesha jamaa na marafiki anaotaka wasalimiwe, kisha akaketi kandokando ya redio siku nyingi akingoja zamu yake, na wapo watu waliojulikana nchi nzima kwa wingi wa salamu zao tu, wakaundiana vyama, wakatembeleana, wakazikana. Katika Kenya, Leonard Mambo Mbotela alianza mwaka 1966 kipindi cha Je, Huu ni Uungwana?, na kwa zaidi ya miaka hamsini kilistawi kwa visa alivyoletewa na wasikilizaji, vya mtu anayekula kwenye basi lililosongamana au anayebisha hodi usiku wa manane, Mbotela akiviuliza swali lile lile moja. Kwa hakika, jumuiya za watu wasiojuana kwa sura, wanaokutana kila siku katika chombo cha habari na kuitana kwa lakabu, tulikuwa nazo kabla ya intaneti kufika Afrika ya Mashariki.

Ilipofika, waliotangulia kuizoea walikuwa waandishi wa magazeti. Ndesanjo Macha, aliyekuwa na safu katika gazeti la Mwananchi hali akiishi Marekani, alifungua mwaka 2004 ukurasa wake wa Jikomboe, akaandika kwa Kiswahili wakati ambapo wengi waliona kwamba kompyuta ni mahali pa Kiingereza, na akawahimiza wengine wafanye vivyo hivyo. Mwaka 2005 huko Helsinki, Ufini, alikutana na Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa Daily News, akamsaidia kuanzisha ukurasa wake. Na ukurasa huo, uliokuja kuitwa Globu ya Jamii, nauona kuwa mrithi halisi wa Mambo Leo, ingawa sidhani kama mwenyewe aliukusudia hivyo. Picha ya Rais akikata utepe ilikaa juu ya picha ya harusi ya Ilala. Chini yake tangazo la msiba wa Mtanzania aliyefia Uingereza, na nauli ya kuurudisha mwili inatafutwa. Chini yake picha ya zamani ya timu ya mpira, anayemtambua aliyesimama wa tatu kutoka kushoto aseme. Wasomaji waliitwa wadau, nao wakamwita mwenye ukurasa Ankal, kwa heshima na utani wa mjomba. Na kila mdau, awe Tandika au Houston, aliweza kuleta picha yake na maneno yake, lakini Ankal ndiye aliyebandika. Hapo bahasha bado ilikuwapo, ila sasa ilikuwa ya barua pepe.

Mwaka 2006 likaja baraza jingine ambalo halikungoja mtu wa kubandika. Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha Jambo Forums, iliyobadili jina mwaka 2008 ikawa JamiiForums, mahali ambapo mtu anajiandikisha kwa lakabu, anafungua uzi, na wakuu wenzake, ndivyo waitanavyo, wanaujibu papo hapo, usiku na mchana. Mwanzoni mwa mwaka 2008, kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond ilipomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu tarehe 7 Februari, mijadala ya baraza hilo ilikuwa ikienda sambamba na ya Bunge, na waandishi wa magazeti ya Dar es Salaam wakajifunza desturi mpya, ya kupita huko asubuhi kabla ya kwenda kwenye mikutano ya habari, wakatafuta penye harufu ya jambo la kweli. Baadhi yao waliyachukua maneno ya huko na kuyachapa yalivyo, na huo haukuwa uandishi. Wengine waliyachukua kama dokezo, wakainua simu, wakaenda maofisini, wakaomba hati, wakamsikiliza aliyetajwa, na hao walifanya kazi ile ile aliyoifanya mhariri wa zamani alipoletewa barua na mtu asiyemjua.

Tofauti ya makundi hayo mawili ilidhihirika kwa machungu nchini Kenya. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa na ghasia kuzuka, Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na watu waliofungiwa majumbani wakabaki na simu zao tu. Siku chache baadaye Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaunda Ushahidi, mtambo uliopokea taarifa za raia kwa ujumbe wa simu na barua pepe, ukaziweka juu ya ramani, mahali palipochomwa na mahali palipouawa watu, huku waliojitolea wakizilinganisha taarifa hizo na nyingine kadiri walivyoweza. Na Kobia huyo huyo ndiye aliyekuwa na baraza la mtandaoni la Wakenya lililoitwa Mashada. Naye mwezi huo huo wa Januari 2008 alilifunga, kwa kuwa watu waliojificha nyuma ya lakabu walikuwa wakiligeuza pango la matusi na chuki za kikabila ambazo wasimamizi hawakuweza tena kuzizuia. Mtu mmoja, katika mwezi mmoja, alifungua mlango kwa mkono huu na kuufunga kwa mkono ule, na naamini alikuwa sahihi mara zote mbili, maana katika Ushahidi neno lilipitia mikononi mwa mtu kabla ya kutoka, na katika Mashada lilikuwa limekwisha acha kupitia mikononi mwa mtu yeyote.

Wako pia walioingia mitandaoni kwa kufukuzwa. Mwezi wa Mei 2015, jaribio la mapinduzi liliposhindwa mjini Bujumbura, vituo vya redio vilivyosikilizwa mno na Warundi, vikiwamo RPA, Bonesha na Isanganiro, vilishambuliwa na kunyamazishwa, na waandishi wengi wakakimbilia Kigali na kwingineko. Walichokifanya waliobaki kwa siri na waliohama kinastahili kuandikwa kwa wino wa heshima: walijikusanya chini ya jina la SOS Médias Burundi, wakapeleka habari kwa Facebook, kwa Twitter na kwa vipande vifupi vya sauti ambavyo watu walirushiana kwa WhatsApp, simu kwa simu, kutoka mtaa hadi mtaa, pasipo mnara wa redio. Hawakutia majina yao chini ya habari, kwa kuwa jina lingaliwaua. Lakini kila mmoja alijulikana kwa mwenzake, na habari isiyothibitishwa haikutoka.

Bahasha ya zamani ilirudi mezani Tanzania tarehe 13 Desemba 2016. Siku hiyo Maxence Melo alikamatwa na polisi waliotaka awape majina na anwani za baadhi ya wanachama wa JamiiForums walioandika tuhuma za ufisadi, kwa nguvu ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, naye akakataa. Alishtakiwa kwa kuzuia upelelezi, na kwa miaka kadhaa akawa mtu wa kupanda na kushuka ngazi za Mahakama ya Kisutu. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye kurasa za habari wajisajili na kulipa ada iliyozidi shilingi milioni mbili. JamiiForums ikazima kwa muda, na kurasa nyingi ndogo za watu binafsi, zile za mwalimu wa Songea au mpigapicha wa Tanga, zikafa kimya bila ya mtu kuzililia. Mwaka 2019 Melo alipewa tuzo ya kimataifa ya uhuru wa vyombo vya habari mjini New York. Sheria ina hoja yake, kwani mtu aliyesingiziwa wizi na mtu asiye na uso ana haki ya kutafuta pa kudai. Hata hivyo mhariri akitoa jina mara moja tu kwa sababu ameogopeshwa, hakuna karani atakayeandika tena juu ya mizani ya pamba, seuze juu ya mikataba ya umeme.

Kilichopungua katika zama hizi ni muda. Barua ya Mambo Leo ilichukua wiki kufika na mwezi kuchapwa, na katika muda huo uwongo mwingi ulijifia wenyewe njiani. Taarifa ya leo hutoka mtu akiwa bado anapumua kwa mbio, na mhariri anayetaka kuipima hukuta mpinzani wake amekwisha irusha. Kutokana na haraka hiyo wapo waliotangaziwa vifo hali wakiwa hai mezani wakila, na ziko barua zenye nembo za ofisi kuu za nchi ambazo ofisi hizo hazikuziandika. Kibaya zaidi, wazushi wamejifunza kuiga sura ya magazeti yenyewe: huchukua nembo, rangi na mwandiko wa gazeti linaloaminika, wakatia maneno yao, na mhariri wa gazeti hilo hulazimika kuibandika picha hiyo ya bandia katika ukurasa wake, imegongwa maandishi mekundu ya kuwaonya watu waipuuze. Sikulijua katika historia yetu yote jambo kama hili, la gazeti kutumia nafasi yake kukana maneno ambayo halikuyasema. Nafurahi kwamba wametokea waandishi walioifanya kazi ya kupima kuwa kazi maalumu, kama Nukta Fakti ya Dar es Salaam na Piga Firimbi ya Nairobi, wanaochukua picha au usemi unaozagaa, wakautafutia asili yake, wakautolea hukumu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Na kwa maoni yangu hao wamekaribia kiti cha mhariri wa zamani kuliko wale wanaojisifu kwa idadi ya wafuasi.

Nina ombi moja kwa wahariri na kwa wakutubi. Mambo Leo ya mwaka 1923 inasomeka hata leo katika maktaba za Dar es Salaam na London, na mtu anaweza kumkuta babu yake humo, jina lake, mji wake na beti zake. Ilhali kurasa za mtandaoni hufutika ada ya mwaka isipolipwa, au mwenyewe akifariki bila ya kumwachia mtu neno la siri, au kampuni ya kigeni inayozihifadhi ikibadili shauri lake. Kila chumba cha habari na kiweke mtu mmoja wa kuhifadhi kila mwezi yale yaliyoandikwa na wasomaji pamoja na majibu ya waandishi, na vyuo vyetu vikuu vifungue mahali pa kuyapokea, na majina ya waliojificha kwa haki yafungiwe kwa miaka mingi kama zifungiwavyo hati za mahakama. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, na ianze mwaka huu.